Nukta za Kutupa

Modena, 6 Oktoba 2003

Baba Mkubwa Learco,

Nawaamkia nyote wawili. Ukurasa huu wa kwanza msomee Baba kama kawaida, kwenye sikio la kulia, polepole, wala usiruke neno. Mimi mzima. Mafua yaliyonishika Septemba yameniachia, na paka wa jirani amezaa tena ndani ya kikapu changu cha nguo. Baba, lile koti la sufu nimelipata, la kahawia. Najua huioni rangi, lakini nakutajia ili Baba Mkubwa asije akakuvisha na ile suruali yake ya kijani ukachekwa kanisani.

Ukurasa wa pili ni wako peke yako, Baba Mkubwa, maana ni wa kazi, na Baba hataki kusikia habari za kiwanda.

Wakubwa wameamua kutupa vinasa vyote vya karatasi kwenye chumba cha breki, kile cha kupimia injini. Ndiyo, na zile kalamu zako za kuchora mitetemo. Kuanzia majira ya kuchipua, injini ikifungwa kwenye breki na kukimbizwa, mitetemo na joto lake vitachorwa kwenye kioo cha kompyuta papo hapo. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua programu ya kuchora. Zimebaki tatu, na kila muuzaji anaapa kuwa yake ndiyo ya haraka. Nimezibatiza mwenyewe. Mtanashati ana rangi nzuri na mistari laini kama hariri. Kobe anaitwa hivyo kwa sababu utakayoikisia. Mchafu ni wa kijivu, kaandikwa na Mslovenia mmoja asiyepokea simu, na herufi zake zinaumiza macho.

Shida ni moja. Vyombo vyetu vinaleta nukta elfu hamsini kila sekunde kwa kila chaneli, na chaneli ni kumi na nne. Kioo kina safu elfu moja na mia mbili tu za kuchorea. Kwa hiyo programu ikitaka kwenda haraka lazima itupe nukta nyingi kuliko inazochora, na hakuna muuzaji anayekubali kusema anatupa zipi.

Nataka kuzijaribu kwa data ngumu, siyo mawimbi yao ya maonyesho. Ghala la chini lina kanda zenu za sumaku za miaka ile, na mashine ya kuzichezesha bado hai. Ila maandishi kwenye makasha yamefutika. Ulikuwa na daftari lililoonyesha kila chaneli ilibeba nini. Nitumie, tafadhali.

Nives

*

Montecreto, 31 Oktoba 2003

Mwanangu Nives,

Barua yako ilifika kitambo. Sikujibu kwa sababu uyoga ulikuwa umetoka na uyoga haungoji mtu. Baba yako hajambo. Anakula, analala, analalamika kuwa supu haina chumvi, naiongeza, analalamika kuwa imezidi. Koti limemkaa vizuri. Juzi nilimpeleka kwa kinyozi, naye njiani akaniuliza kama mjane wa Vanni amepita barabarani. Nikamwambia hapana. Alikuwa amepita.

Sasa hayo ya pili. Kwa hiyo kalamu zangu ni takataka. Sawa. Ninyi wasomi mnahitaji kioo na nukta elfu hamsini ili mjue jambo ambalo sisi tulilijua kwa makalio, tumekaa tu kwenye kiti tukiusikia mtetemo unapanda. Lakini kwa kuwa umeuliza, nakupa shauri la bure: chukua Mtanashati. Jicho la msomaji linataka kutulia. Ukimpa mtu picha ya miiba mitupu atazima injini kila dakika tano na kazi haitaisha.

Hukuwahi kufanya kazi zama zetu. Aliyezima injini bila sababu tulimkatia masikio ya punda, marefu hivi, kwa karatasi ileile ya kinasa. Aliyavaa bwaloni mchana kutwa mbele ya watu mia mbili, na divai ya zamu nzima ikawa juu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa shule. Mtu alijifunza kungoja mpaka awe na hakika.

Daftari limeliwa na panya. Kanda zile zina umri wa miaka ishirini na zaidi, sumaku yake imeshapukutika. Zitupe, usipoteze muda wako.

Baba yako Mkubwa,
Learco

*

Modena, 17 Novemba 2003

Baba Mkubwa,

Salamu kwako na kwa Baba. Baba, huku ukungu umekuwa mzito hadi jana niliisalimu nguzo ya taa nikidhani ni mhasibu wetu. Mwambie Baba Mkubwa asikununulie soseji za kuvuta moshi, daktari alikataza, na najua wewe ndiye unayemshawishi.

Ukurasa wa pili.

Panya wako hawakuwa na bidii. Nakala ya daftari ilikuwa ofisini, kwa mwandiko wako. Na kanda ni nzima. Nimezichezesha sita, na moja kati ya hizo ni ya tarehe 14 Mei 1981, siku ya ajali.

Sikuichagua kwa makusudi. Kasha halikuwa na maandishi. Niliifahamu pale injini ilipovunjika.

Matokeo ni haya. Mtanashati anachukua nukta zote zinazoangukia safu moja na kuchora wastani wake. Ndiyo maana anapendeza. Kwa macho yake injini ile ilikuwa na afya njema hadi sekunde shafti kuu ilipovunjika. Kobe anachora kila nukta bila kutupa hata moja, ila baada ya dakika mbili yuko nyuma ya injini kwa sekunde arobaini. Kwa macho yake Vanni angekuwa bado yu hai wakati wenzake wanamfunika shuka. Mchafu kwa kila safu anabakiza nukta ya juu kabisa na ya chini kabisa, nyingine anazitupa. Kwa Mchafu miiba inaonekana. Inaanza midogo na kukua kwa sekunde tisa.

Kalamu zako zingeionyesha miiba hiyo pia, sivyo? Si kwa urefu wake wote, kalamu ni nzito. Lakini zingeionyesha.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, najua tu nilichoambiwa. Kwamba wewe ulikuwa unasoma karatasi, Baba kashika mpini wa mafuta wa kupandisha na kushusha kasi, Vanni Bertacchi kasimama karibu na injini. Kwamba uliona, ukapaza sauti "Shusha!", na Baba hakusikia kwa kuwa masikio yake yalikuwa yameanza kufa na alimficha daktari wa kiwanda. Chuma kikamuua Vanni na kumpofua Baba. Ndivyo ripoti ilivyosema, na ndivyo Baba anavyoamini. Mjane wa Vanni alimtemea mate kwenye ngazi za kanisa, naye Baba akasema mama huyo ana haki.

Daftari lako linasema chaneli ya kumi na nne ilibeba kipaza sauti chako cha mdomoni. Kabla sijaandika ripoti yangu kwa mkuu wa kazi, niambie: siku ile chaneli hiyo ilikuwa inafanya kazi?

Nives

*

Modena, 15 Desemba 2003

Baba Mkubwa, huenda barua yangu imepotea. Nakuuliza tena swali lile la chaneli ya kumi na nne. Baba, Krismasi njema. Nimetuma jibini kwa posta. Sitaweza kuja, kazi zimenibana.

Nives

*

Montecreto, 19 Januari 2004

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Posta ya Krismasi unaijua. Kisha tukachinja nguruwe, na mwaka huu nimemchinja peke yangu na jirani mmoja, kwa kuwa kijijini hapa vijana wamebaki wanne na mmoja wao anaogopa damu. Baba yako alikaa kwenye kiti uani akitoa amri kama jenerali. Jibini imefika. Anasema ni ngumu kama sabuni, lakini ameimaliza.

Chaneli ya kumi na nne ilikuwa mbovu. Waya wake ulikuwa umelegea mwaka mzima, kila mtu alijua. Nilipaza sauti. Nilipaza mara mbili. Baba yako Dorino hakusikia, na mimi sikumlaumu hata siku moja, kamuulize mwenyewe kama nimewahi kumlaumu. Yamepita. Umepewa kazi ya kuchagua programu ya kuchorea, hukupewa kazi ya uhakimu. Chukua Mtanashati, uwafurahishe wakubwa wako, upandishwe cheo.

Na uje kumwona baba yako. Umekuja mara mbili kwa miaka sita.

Learco

*

Modena, 26 Januari 2004

Baba Mkubwa,

Leo hakuna ukurasa wa kwanza. Hii yote ni yako.

Chaneli haikuwa mbovu. Kanda inaanza na sauti yako ukitaja tarehe na namba ya injini. Kisha unamtania Vanni kuhusu timu yake, kisha unauliza nani kachukua kahawa yako. Kila neno limesimama kwenye mchoro wa Mchafu kama meno ya msumeno. Kwa Mtanashati ni mstari ulionyooka, na sasa naelewa kwa nini ulimpigia debe, ingawa huenda hukujua sababu yake ya kitaalamu.

Miiba inapoanza unanyamaza. Sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, pumzi tu, na pumzi inakwenda mbio. Uliona. Sekunde ya tano kuna neno moja dogo. Nimelisikiliza mara thelathini. Unajiambia mwenyewe "ngoja". Baada ya hapo hakuna "Shusha". Hakuna mara mbili, hakuna hata mara moja. Kuna kishindo, na kisha kuna Baba anayelia, hadi kanda inakwisha.

Kwa hiyo Baba alikuwa ameshika mpini akingoja amri ambayo haikutoka. Na wewe ukaenda hospitalini, ukamkuta amefungwa macho, ukamwambia alipigiwa kelele akashindwa kusikia. Ulijua kuwa atakuamini kwa sababu ulijua siri ya masikio yake. Ni wewe tu ambaye Baba alikuwa amekuambia. Nimelia siku mbili, kisha nikaacha.

Mwambie. Sitaki uende polisi, sitaki ripoti ibadilishwe. Mwambie Baba kwa mdomo wako kwamba hakumuua Vanni. Ana miaka sabini na moja, na moyo wake unaujua ulivyo. Nakupa hadi mwisho wa Februari.

Nives

*

Montecreto, 23 Februari 2004

Nives,

Umejifunza kusoma grafu, hongera. Sasa nisome na mimi.

Wiki moja kabla ya siku ile nilizima injini bila sababu. Niliona mwiba mmoja, nikapaza sauti, Dorino akashusha, wakafungua injini, hawakukuta kitu. Masikio ya punda nilivishwa mimi. Baba yako mwenyewe ndiye aliyeyakata kwa mkasi, akayapima kichwani mwangu ili yasianguke, na bwalo zima likacheka. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, msoma kalamu mkuu. Kwa hiyo miiba ilipokuja tena nikataka kuwa na hakika. Sekunde tisa, mwanangu. Jaribu kuhesabu uone zilivyo fupi.

Hospitalini sikupanga kusema nilichosema. Aliniuliza, "Learco, ulinipigia kelele nisisikie?" Nikasema ndiyo. Neno lilikuwa limeshatandikwa, nikalala juu yake. Kesho yake wakaja watu wa ripoti, nikashindwa kulitandua.

Tangu siku ile nani anamwosha? Nani anamkata kucha? Nani amekaa bila mke wala mtoto katika nyumba ya mawe yenye baridi, akimpikia mtu asiyeridhika na chumvi? Wewe unatuma jibini. Nimelipa kwa miaka ishirini na mbili, na nikimwambia sasa atanifukuza, na mtu wa kumtunza hatakuwapo, isipokuwa uache kioo chako uje umvue viatu. Utakuja? Najua jibu.

Ameshazoea kosa lake. Analala nalo vizuri kuliko wewe unavyolala na ukweli wako. Sitamwambia. Na kumbuka, barua zote za nyumba hii zinapita mdomoni mwangu. Simu baba yako haisikii. Andika unavyotaka, nitamsomea habari za paka.

Learco

*

Modena, 15 Machi 2004

Baba Mkubwa,

Umesema kweli, sitakuja. Hilo nimeshaliweka kwenye dhambi zangu.

Lakini ndani ya bahasha hii kuna barua ya Baba, ukurasa mmoja. Nakala yake nimempelekea Padri Oreste, imefungwa. Nimemwomba aje kwenu Jumapili ya tarehe 28 baada ya misa, ainame kwenye sikio la kulia la Baba, amuulize: Nives amekuandikia nini? Baba akijibu habari za paka, Padri atafungua bahasha yake na kusoma mwenyewe. Baba akijibu sawasawa, atairudisha bila kuifungua, na hakuna mtu mwingine atakayejua. Unaona nimekuachia mlango.

Barua yenyewe ni fupi. Nainakili hapa usije ukadai mwandiko haukusomeka:

"Baba mpendwa. Tarehe 14 Mei 1981 Baba Mkubwa Learco hakupaza sauti. Aliiona miiba kwa sekunde tisa akanyamaza, kwa kuogopa kuchekwa. Hapakuwa na amri ya kusikia. Masikio yako hayakumuua mtu. Mkono wako ulikuwa kwenye mpini, na ungeshusha. Mwenye kukusomea barua zangu ni yeye huyo, na anajua kuwa ni kweli. Mwanao, Nives."

Programu nimeshachagua. Ni Mchafu. Wakubwa walinung'unika kuwa ni mbaya wa sura, nikawachezeshea kanda moja, wakatia sahihi.

Nives

*

Montecreto, 3 Mei 2004

Mwanangu Nives,

Naomba usome hadi mwisho.

Nilimsomea Jumamosi ya tarehe 27, baada ya chakula. Nilifunga dirisha kwanza. Nilisoma yote, sikuruka neno. Alikuwa anachezea ganda la chungwa mezani, na aliendelea kulichezea. Nilipomaliza nikangoja anipige, nilimsogelea kabisa ili anifikie. Hakunipiga. Aliniambia, "Soma tena." Nikasoma tena. Akaomba kahawa yake, akanywa, akaenda kulala. Padri alipokuja kesho yake, Dorino akamjibu kuwa Nives ameandika barua nzuri sana, na padri akanirudishia bahasha. Nikamshukuru Mungu nikidhani yamekwisha.

Jumatatu, baada ya chakula, akagonga meza kwa kidole. "Learco, ile barua." Nikasema nimekusomea, ndugu yangu. Akasema, "Soma." Jumanne hivyohivyo. Hajanitukana, hajanifukuza. Ananishukuru kwa supu, Nives. Miaka yote hajawahi kunishukuru kwa supu. Sasa anasema chumvi iko sawa kabisa, anapangusa mdomo, kisha anagonga meza.

Siku ya kumi nilijaribu kuruka lile neno la kuogopa kuchekwa. Akaninyoosha kidole, akalitaja yeye. Ameshaihifadhi yote kichwani. Hana haja ya kusomewa.

Na sasa joto limeingia, anataka madirisha wazi. Namsomea karibu na sikio kama siku zote, ananiambia, "Paza sauti, Learco, sikusikii." Napaza. "Bado." Napaza tena. Chini barabarani watu wanasimama. Wiki iliyopita mjane wa Vanni alisimama ukutani na mfuko wake wa mkate hadi nilipofika kwenye jina lako, kisha akaondoka. Tangu hapo anakuja kila siku saa saba na nusu. Amekuja na kiti chake.

Leo ilikuwa mara ya thelathini na nane. Nina miaka sabini na nne. Sikuombi msamaha, najua hunao. Nakuomba umwandikie barua nyingine, yoyote, ya paka, ya ukungu, ya mhasibu wenu, nipate kitu kingine cha kusoma mchana. Au uje, hata siku moja, umsomee wewe.

Learco

*

Modena, 17 Mei 2004

Baba Mkubwa,

Nawaamkia nyote. Barua yako nimeipata. Huku sisi wazima, na habari mpya hakuna. Kuja sitaweza, Mchafu ameanza kazi na kuna injini nne zinangoja breki.

Naona karatasi ile itakuwa imeanza kuchakaa kwenye mikunjo, na macho yako si ya zamani. Kwa hiyo nimeipiga chapa upya kwa herufi kubwa, na nimeifunika plastiki.

Nives